Noti ya Paji la Uso

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi mbele ya wazazi, walezi na majirani wa watoto ninaowafundisha kucheza hapa Temeke. Wengi mlishindwa kufika kwa sababu ya mvua na misiba miwili iliyogongana mtaani, nami nikaahidi kuiandika yote. Nimeiacha kama nilivyoisema, hata pale nilipotoka nje ya mada.

Wazazi wangu, shikamooni. Mjumbe wetu, shikamoo. Majirani, hamjambo? Na nyinyi mliokaa mkekani pale mbele, mambo? Nimewasikia. Tulieni sasa, zamu yenu inakuja.

Nianze na swali. Nani humu ndani hajawahi kutunza? Namaanisha kutunza kule kwa ukumbini: taarabu imekolea, mwimbaji amekugusa penyewe, unanyanyuka kwenye kiti na noti yako, unaizungusha hewani ili wabaya wako waione, kisha unakwenda kumpachika. Nani hajawahi? Naona mikono miwili. Huyo mmoja namfahamu, anadanganya.

Mimi nilitunzwa mara ya kwanza nikiwa na miaka 11. Ilikuwa harusi ya binamu yangu, Mbagala. Ngoma ilipopigwa nikaingia katikati bila kuitwa na mtu. Nilicheza mpaka khanga ikanidondoka. Basi akatoka mama mmoja mnene, simjui mpaka leo, akanibandika noti kwenye paji la uso. Ikaganda kwa jasho. Watu wakapiga vigelegele. Na kabla vigelegele havijaisha, mama yangu mkubwa akaibandua ile noti taratibu, akaniambia, "Lete nikutunzie."

Mnacheka kwa sababu mnamjua mama mkubwa wa kila nyumba. Hadi leo bado ananitunzia.

Lakini tazameni lilivyo neno hili. Mama anamtunza mtoto. Mama huyohuyo anamtunza mwimbaji. Na mama mkubwa anakutunzia noti yako. Neno ni moja. Sasa mimi nimesimama hapa leo kuuliza jambo moja tu: hao wanaocheza, tunawatunza kwa maana ipi? Kwa ile ya kumlea mtoto, au kwa ile ya noti? Maana noti inafika pajini jasho likiwa limeshatoka. Inafika mchezaji ameshajua. Ile miaka saba au kumi aliyokuwa hajui, alipokuwa anaanguka, anateguka kifundo, anachekwa, nani alimlipia? Nani alimlipia nauli? Nani alimlipia mwalimu?

Harusi ya mwezi wa nane hapa mtaani, kamati ilikaa vikao sita na ikakusanya milioni 12. Vikao sita! Nilikuwemo, nilitoa yangu, na ubwabwa nilikula. Siisemi kwa ubaya. Nasema tu kwamba tusidanganyane kuwa hatujui kuchanga. Tunajua. Tuna kadi, tuna ahadi, tuna watu wa kukumbushia ahadi ambao ukiwaona njiani unakata kona. Utaalamu huo wote tunao. Tumeuelekeza kwenye siku moja.

Nataka niwape habari za mwanamke mmoja. Wenye umri wangu mtamkumbuka usoni hata kama jina limewatoka. Anaitwa Debbie Allen. Ni Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Houston, Texas, mwaka 1950. Ni mcheza filamu, mwongozaji, na mtunzi wa miondoko. Aliigiza katika filamu ya Fame ya mwaka 1980, na kuanzia 1982 hadi 1987 akawa mwalimu wa kucheza katika tamthilia ya jina hilohilo, yule mwalimu mkali mwenye fimbo mkononi. Vijana wa siku hizi mnamjua kama daktari Catherine kwenye Grey's Anatomy. Dada yake ni Phylicia Rashad, yule mama wa familia kwenye tamthilia ya The Cosby Show. Sherehe za Oscar amezitungia miondoko mara kumi, na mwaka 2025 wakampa na yeye Oscar ya heshima.

Hayo ni mambo ya noti ya pajini. Turudi nyuma, kabla ya noti.

Debbie alipokuwa na miaka 12 alikwenda kufanya majaribio ya kuingia shule ya baleti mjini kwao. Miaka hiyo Texas ilikuwa ya ubaguzi: kuna mlango wa weupe, kuna mlango wa weusi, na sehemu nyingine mlango wa weusi haukuwepo kabisa. Mama yake, Vivian Ayers, alikuwa mshairi, na ubaguzi ule ulimchosha kiasi kwamba aliwahi kuwachukua wanawe akahamia nao Mexico kwa muda, ili tu wajue kuna mahali duniani mtoto anapita barabarani bila kuambiwa hapa si pako. Sasa binti wa mama wa namna hiyo, tuseme kweli, ataogopa mlango? Akaenda. Akacheza. Alifaulu. Akakataliwa kwa sababu ya rangi yake.

Mwaka uliofuata akaonekana akicheza kwenye onyesho. Aliyemwona alikuwa mwalimu mmoja wa Kirusi wa shule ileile. Mwalimu yule hakuandika barua kwa bodi. Hakuitisha semina. Alimwandikisha mtoto kimyakimya. Wakubwa walipokuja kugundua kwamba kuna binti mweusi darasani, walimu walikuwa wameshamwona anavyocheza, na aliyetaka kumtoa akakosa pa kuanzia. Akabaki.

Nimekaa na habari hiyo muda mrefu, na kila nikiirudia namtazama yule mwalimu. Alichotumia ni nini? Kalamu. Aliandika jina. Ndugu zangu, kipaji kilikuwepo mwaka wa kwanza na kilikuwepo mwaka wa pili. Mguu ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni kwamba mtu mzima mmoja alikubali kujitia matatani kwa ajili ya mtoto asiye wake.

Na msidhani mambo yalinyooka baada ya hapo. Akiwa na miaka 16 alikwenda majaribio ya shule ya sanaa huko North Carolina. Alicheza vizuri mpaka wakamtumia kuwaonyesha waombaji wenzake miondoko. Kisha wakamwambia mwili wake haufai kwa baleti. Umemtumia kama mfano, halafu unamwambia hafai! Akaacha kucheza. Akaenda Chuo Kikuu cha Howard akasoma mambo mengine, mpaka mtunzi wa miondoko Mike Malone alipomrudisha jukwaani. Kwa hiyo hesabuni: mwalimu wa kwanza, Malone wa pili. Watu wawili. Ukimwondoa mmoja tu kati yao, hakuna yule mwalimu mwenye fimbo, hakuna Oscar.

Hapa kwetu hakuna anayemkataza mtoto wangu kucheza kwa sababu ya rangi. Tuna mlango wetu mwingine. Niwaambie unaitwaje? Unaitwa Jumamosi.

Nilikuwa na mwanafunzi, binti wa miaka 13, anatoka Chamazi. Kila Jumamosi alikuja mazoezini na sare za shule. Sketi, shati jeupe, soksi, kila kitu. Anabadilisha chooni, anacheza, anavaa tena sare, anaondoka. Wenzake wakawa wanamtania. Mimi nikadhani labda hana nguo nyingine, nikamnunulia fulana mbili mtumbani. Akashukuru. Jumamosi iliyofuata, sare. Nikamwita pembeni: mwanangu, kwani leo mlikuwa na masomo? Akainama. Akasema, "Mwalimu, nikivaa sare konda ananichukua kwa nauli ya mwanafunzi."

Mnaelewa? Ukiwa na sare, magari mawili kuja na mawili kurudi, shilingi 200 kila gari, ni 800. Bila sare ni nauli ya mtu mzima, karibu elfu tatu. Mtoto wa miaka 13 alikuwa ameshapiga hesabu hiyo peke yake, na aibu ya kutaniwa akaiweka kwenye hesabu, akaona inalipa.

Basi makonda wakamshtukia. Jumamosi, sare za nini? Wakaanza kumshusha. Akaja kwa kuchelewa, mara akaruka wiki, mara mbili, kisha kimya. Mimi, nakiri mbele yenu, sikumfuata. Nilikuwa na watoto 34, ukumbi unanidai, nikajiambia labda wamehama. Miezi mitano baadaye nikamkuta pale Rangi Tatu, Mbagala, na beseni la karanga. Hakukimbia. Alinisalimia vizuri, halafu akaniuliza, "Mwalimu, ile ya kugeuka mara mbili mlishaimaliza?"

Nilinunua karanga zote. Ujinga wa mtu mzima huo: kununua karanga. Nilipaswa kununua nauli, tangu mwezi wa kwanza. Zile karanga zilikuwa noti ya pajini tu.

Sasa tuje kwenye fedha, maana ndizo zilizotuleta.

Debbie Allen alifungua shule yake ya kucheza Los Angeles mwaka 2001, yeye na mumewe Norm Nixon, aliyekuwa mchezaji wa mpira wa kikapu wa Lakers. Shule haikuwa ya kutafuta faida. Kulikuwa na watoto wenye uwezo wa kulipa, na kulikuwa na watoto kama binti yangu wa Chamazi. Wa pili hao wanahitaji ufadhili. Ufadhili unatoka wapi?

Angeweza kupiga simu. Mtu aliyepanga sherehe za Oscar ana namba za watu. Na alipiga, tusijidanganye. Lakini kitu alichokijenga kikawa mchango mkubwa wa kila mwaka ni onyesho. Kila Desemba, Wamarekani wana desturi ya kwenda kutazama baleti ya mtunzi wa muziki wa Kirusi Tchaikovsky, ile ya mwanasesere wa kupasulia karanga, iliyochezwa mara ya kwanza Urusi mwaka 1892. (Karanga tena! Sikupanga.) Debbie akaichukua hadithi hiyo akaigeuza, akaiita Hot Chocolate Nutcracker. Mle ndani baleti ipo, lakini ipo na ngoma za Kiafrika, hip hop, miondoko ya Kihindi, kugonga viatu. Muziki mpya ulitungwa na watu wakubwa, akiwemo mpiga tarumbeta Arturo Sandoval. Wanaocheza ni watoto wa shule, kuanzia vidogo kabisa. Wanaosimulia ni panya watatu. Na panya mmoja, mabibi na mabwana, ni Debbie Allen mwenyewe. Mwanamke mwenye tuzo za Emmy kabatini anavaa masikio na mkia, anasimama jukwaani ili watoto wa watu wapate ada.

Nawauliza: mgeni rasmi wetu gani angevaa mkia?

Mnacheka, lakini hapo ndipo penye somo, na mimi nililielewa kwa kuumia. Ziko namna mbili za kumchangishia mtoto fedha. Ya kwanza ni kumwonyesha alivyo mnyonge. Ya pili ni kumwonyesha anavyoweza. Ukikata tiketi ya onyesho la watoto wa Debbie, hutoi sadaka. Umenunua kitu. Umekaa kwenye kiti, umecheka na panya, umeona mtoto akiruka ukasahau kupumua. Umeondoka wewe ndiye mwenye deni.

Hiyo namna ya kwanza nimeijaribu. Kuna taasisi moja, siitaji, ilitaka kutusaidia. Wakaja na kamera nzuri. Watoto wakavaa nguo zao za shoo, zile za njano mlizoshona nyinyi akina mama. Bwana wa kamera akatazama, akaniambia kwa upole kabisa, "Mwalimu, hawana nguo za kawaida? Zile za nyumbani? Na viatu wavue." Kisha akauliza kama tunaweza kutoka ukumbini tukacheze kule nyuma kwenye takataka. Watoto wangu wana ukumbi! Tunaulipia laki na ishirini kwa mwezi, tena kwa mbinde! Nikasema hapana. Fedha hazikuja. Wazazi wengine walininunia, na naona mmoja wenu bado ameninunia. Haki yako, mama. Lakini mtoto aliyevuliwa viatu ili ahurumiwe, ukija kumwambia baadaye asimame jukwaani kifua mbele, atakisimamisha kifua kipi?

Namna ya pili nayo nimeijaribu, nikaiharibu kwa mikono yangu. Mwaka juzi mnakumbuka tulifanya onyesho. Ukumbi ulijaa. Watu walisimama hadi mlangoni. Nilikwenda kulala nikijiona tajiri. Asubuhi tukahesabu na mama mweka hazina: tukitoa ukumbi, jenereta, spika, matangazo ya gari na soda za wageni, imebaki shilingi 41,000. Tukahesabu tena. 41,000. Ilikuwaje? Ilikuwa hivi: viti vya mbele vyote niligawa bure. Diwani na watu wake, bure. Wasanii niliowaalika, bure, na nauli juu. Ndugu zangu mimi, bure. Rafiki wa fundi mitambo, bure. Waliolipa kiingilio ni mama lishe na bodaboda waliokuja kuwaona watoto wao, na hao ndio waliosimama mlangoni. Yaani maskini walilipa wakasimama, wenye nazo wakaingia bure wakakaa. Na nusu ya viti vile vya heshima vilikuwa vitupu, kwa sababu kitu ulichopewa bure hata kukikosa hakuumi.

Sirudii. Desemba hii kiingilio ni 5,000, watoto 2,000. Mgeni rasmi atalipa. Mimi nitalipa. Mjumbe, utalipa, baba yangu, na nitakupigia makofi ukilipa.

Najua kuna mtu anasema moyoni: huyo Debbie ni nyota wa filamu, uso wake peke yake ni tangazo, sisi tuna nani? Swali zuri. Kweli, jina ni mtaji, na yeye aliutumia mtaji huo kwa watu wengine badala ya kuukalia. Wasanii wetu wakubwa nimewaomba. Wengine hawakujibu, mmoja aliniuliza "kuna bei gani," na simlaumu, naye anakula kwa sura yake. Lakini hivi mtaa huu hauna nyota? Mama wa maandazi pale kona, nani hamjui? Akisema kesho hakuna maandazi, shule mbili zinachelewa. Huyo ndiye panya wangu. Nimeshamwomba. Amekubali mkia, masikio ameyakataa, bado tunajadiliana.

Nikimaliza la fedha kuna lingine, la subira.

Hapo jirani Nairobi yuko kijana anaitwa Joel Kioko. Alikulia Kuwinda, mtaa wa mabati. Darasa lake la kwanza la baleti lilikuwa chumba cha shule ya serikali, kuta tupu, hakuna kioo, hakuna hata ile bomba ya ukutani wanayoshika wacheza baleti. Madawati waliyasukuma nje ndipo wakapata nafasi ya kuchezea. Baadaye akacheza Nairobi baleti hiyohiyo ya Desemba niliyowasimulia, na mwaka 2017 akaingia shule ya English National Ballet, London.

Tunapenda sana kusimulia habari kama hii kwa kuruka: Kuwinda, hop, London. Mimi nataka mkae pale katikati. Kati ya siku madawati yaliposukumwa nje na siku aliyopanda ndege kulipita miaka. Kila wiki ya miaka hiyo kulikuwa na mwalimu wa kulipwa, viatu vinavyoisha, tumbo linalohitaji chakula maana huwezi kurukaruka na njaa. Nani anachangia wiki ya 73? Siku ya kwanza wote tupo na simu zetu tunapiga picha. Siku ya ndege wote tupo uwanjani tunalia. Wiki ya 73 tupo wapi?

Debbie Allen naye vivyo hivyo. Shule ilifunguliwa 2001. Jengo kubwa walilonalo sasa, lililotolewa na Shonda Rhimes, yule mwandishi wa tamthilia aliyefanya naye kazi miaka mingi, lilifunguliwa 2022. Katikati hapo ni miaka 21. Na mwaka 2020 dunia ilipofungwa, ukumbi hauingiliki, alifungua simu akafundisha kucheza bure kwenye Instagram, maelfu ya watu wakacheza naye majumbani kwao. Kwa hiyo huyo Rhimes alipotoa jengo hakumpa mtu aliyekuja na andiko la mradi. Alimpa mtu aliyekuwa ameshaonekana akifanya, akifanya, akifanya.

Nigusie na hili, kwa sababu mzee mmoja alinifuata wiki iliyopita na nilimwahidi nitalijibu mbele za watu. Aliniambia: binti yangu, kucheza ni uhuni, unawaandalia watoto wetu vigodoro. Mzee, nakuona, shikamoo. Sikatai kwamba uhuni upo. Nimeviona vigodoro, na nimeona watoto wa darasa la tano wanakata mauno saa saba usiku huku watu wazima wanawarekodi. Lakini hao hawajafundishwa na mtu. Hawana mwalimu, hawana saa ya kurudi nyumbani, na noti wanazobandikwa zina masharti yake. Mtoto wangu anamaliza saa kumi na moja, na ninapiga simu kwa mama yake akiondoka. Kucheza kutakuwepo tu, mzee, mimi nikiwepo au nisipokuwepo. Sindimba ya Wamakonde, mganda wa kule Nyasa, bugobogobo ya Wasukuma: kuna kabila gani hapa lililokaa tuli? Serikali yenyewe iliona ni elimu, ikaanzisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo mwaka 1981, leo mnakiita TaSUBa. Mimi nilipita pale. Nilijifunza kwamba kuna mtu anacheza na kuna mtu anachezewa, na kazi yangu ni kuhakikisha mtoto wako ni yule wa kwanza.

Haya. Tunachoomba leo. Nina watoto 34. Wanaolipa ada ya elfu kumi kwa mwezi ni 19. Hao 15 waliobaki ni 150,000 kila mwezi, na juu yake nauli za Jumamosi za watoto wanaotoka mbali. Ndiyo hesabu yetu yote, imebandikwa mlangoni, imeandikwa kwa maki pen nyeusi ili asiye na miwani naye asome. Sitaki milioni 12. Nataka kamati kama ile ya harusi, wale wale wenye moyo wa chuma wa kukumbushia ahadi, ila safari hii harusi iwe ya miezi 12. Anayeahidi 2,000 kwa mwezi aahidi 2,000, asiahidi laki kwa sababu jirani anamtazama. Daftari litasomwa kwa sauti kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na jina la mweka hazina litaanza, na langu la pili.

Na sasa watoto watacheza. Ni kipande cha Desemba, dakika tisa tu, bado hakijakamilika, atakayekosea msicheke kwa sauti. Nawaomba jambo moja, na najua litawawia gumu: msiwatunze. Nawaona akina mama mmeshashika noti. Msimbandike mtoto pajini. Sanduku liko mlangoni, lina kufuli mbili, ufunguo mmoja anao mama mweka hazina, wa pili anao mzazi mliyemchagua wenyewe. Noti iende mle. Yule binti wa karanga nilimfuata kwao Chamazi wiki mbili zilizopita, nikakaa na bibi yake mpaka magharibi. Leo amekuja. Hakuvaa sare. Yupo mstari wa nyuma, wa tatu kutoka kushoto, na ile ya kugeuka mara mbili bado hajaimaliza.

Mama mkubwa, kama umo humu ndani, noti yangu naidai. Iweke sandukuni.

Fundi, weka muziki. Watoto, simameni.